Hutolewi, Unajitoa

Mhudumu wa dirisha la msajili alimwambia Elvira Cantú kwamba hawezi kuzungumza naye habari za mtoto wake.

"Nimemzaa mimi," Elvira akasema.

"Sina shaka, mama. Lakini kwetu sisi ni mwanafunzi wa chuo. Habari za mwanafunzi wa chuo ni zake mwenyewe."

"Ana miaka kumi na saba. Juzi aling'olewa jino, daktari hakumgusa mpaka nikatia sahihi."

"Sisi hatung'oi meno."

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni akacheka kwa pua. Elvira alijiona kwenye kioo cha dirisha, bado ana kofia ya wavu kichwani. Alikuwa ametoroka jikoni kwenye shule ya msingi anakopika, baada ya kifungua kinywa cha watoto na kabla ya chakula cha mchana, na muda huo wangeukata kwenye mshahara. Akaivua kofia, akaisokomeza mfukoni.

"Nikimpigia simu ukamsikia mwenyewe akisema ndiyo?"

"Simu haina kitambulisho, mama. Njoo naye."

Bintiye, Nereida, alikuwa darasani wakati huo, kilomita chache tu kutoka hapo. Elvira alirudi kazini, akaegesha gari nje ya jiko la shule, akavaa kofia, akaanza kumenya karoti. Mwenzake alimuuliza kama amefanikiwa. Akasema ndiyo, kesho anarudi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwezi wa Januari, kitivo cha uuguzi cha chuo kikuu kimoja huko San Antonio kilimpokea Nereida, pamoja na ruzuku ya kumlipia masomo yote. Kilimpokea kwa matokeo yaliyotumwa na sekondari yake. Sasa, mwezi Aprili, kilikuwa kimepata matokeo mengine moja kwa moja kutoka chuo cha hapa Bondeni, kusini kabisa mwa Texas, ambako Nereida alikuwa akisoma masomo ya chuo huku bado yuko sekondari. Humo walikuta F mbili, moja ya Biolojia na moja ya Kemia, za alipokuwa na miaka kumi na mitano. Baadaye aliyarudia masomo yote mawili akapata A. Kwa wale wa uuguzi hilo halikubadili kitu. Kanuni yao ilisema mwenye F mbili za sayansi hapokelewi, amerudia asirudie. Chuo kikizirekebisha kabla ya katikati ya Mei, sawa. Kisiporekebisha, kiti kinakwenda kwa mwingine.

Elvira hakuogopa sana. Alijua hizo F ni makosa ya karani fulani. Nereida alitolewa kwenye masomo yale. Elvira alikuwepo siku anatolewa.

*

Kesho yake walikwenda wote wawili. Mhudumu alikuwa yule yule, miwani imening'inia kwa mkufu, kikombe cha kahawa pembeni. Alikichukua kitambulisho cha Nereida, akamtazama usoni, akaitazama picha, kisha akageukia kompyuta yake.

"Biolojia, F. Kemia, F," akasema. "Ndivyo zilivyo."

"Mimi sikumaliza hayo masomo," Nereida akasema. "Nilitolewa."

"Nani alikutoa?"

"Bi Saldívar. Mshauri wetu wa sekondari. Alibonyeza-bonyeza kompyuta yake, akaniambia nimeshakutoa, kesho nenda Biolojia ya kawaida, chumba cha karibu na maktaba."

"Na ukaenda?"

"Nikaenda."

Mhudumu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelisema jambo hili mara nyingi mno mpaka likawa halina ladha mdomoni. "Mshauri wenu anaweza kukutoa kwenye darasa lolote la sekondari. Hapa hawezi. Hapa hutolewi. Hapa unajitoa. Unaingia kwenye akaunti yako ya chuo, unabonyeza, umejitoa, unaandikiwa W. Hiyo W haimdhuru mtu. Usipobonyeza, kwetu sisi bado umo darasani, na kila mtihani unapata sifuri."

"Mbona hatukuambiwa?" Elvira akauliza.

Mhudumu akamtazama Nereida. "Ninaruhusiwa kumjibu mama?"

Nereida akaitikia kwa kichwa. Elvira akatazama kaunta.

"Aliambiwa," mhudumu akasema. "Aliandikiwa barua pepe." Akaigeuza kompyuta upande wao. Barua zilikuwa zimepangana kutoka juu hadi chini, zote kwa wino mzito wa barua ambazo hazijafunguliwa. Hujahudhuria. Hujahudhuria. Mwisho wa kujitoa ni Ijumaa. Mwisho wa kujitoa ni leo. Matokeo yako yametoka. Umewekwa kwenye onyo.

"Hii si barua pepe yangu," Nereida akasema.

"Ni yako. Jina lako hili hapa."

"Mimi natumia ile ya sekondari. Walimu wote wananiandikia kule."

"Walimu wenu wa sekondari. Chuo kinaandika huku."

Nereida aliendelea kusoma. Zilikuwa barua za adabu, kila moja ikianza na Mpendwa Nereida na kumalizia kwa kumkaribisha aje ofisini akiwa na swali lolote.

Mhudumu alieleza kilichobaki. Maombi ya kubadilishiwa F kuwa W hupokelewa ndani ya mwaka mmoja, na mwaka umeshapita. Lakini kuna kamati. Kamati husikiliza hata la zamani kama palikuwa na sababu nzito: msiba, ugonjwa, kuitwa vitani.

"Vitani?" Elvira akasema.

"Wanafunzi wetu wengine ni watu wazima." Akamgeukia Nereida. "Muhula ule kulikuwa na nini?"

Nereida akamtazama mama yake.

"Ugonjwa," Elvira akasema. "Bibi yake."

"Basi aandike hivyo. Na mlete barua ya hospitali."

*

Kulikuwa na nini, wote wanne waliokuwa nyumbani wakati ule wanajua. Figo za Bibi Chelo, mama mkwe wa Elvira, zilikataa kazi mwezi Septemba. Akapangiwa mashine ya kusafisha damu asubuhi tatu kila wiki, kuanzia saa moja na nusu. Gari la kliniki lilikuwa na foleni ya wagonjwa wanaongoja nafasi. Rogelio, mwanawe, fundi wa viyoyozi, huwa juu ya paa za watu tangu jua halijachomoza, kwa sababu baadaye bati halikanyagiki. Elvira huingia jikoni kwake saa kumi na moja alfajiri. Aliyekuwa anaanza siku saa mbili, kwa Biolojia na Kemia za chuo, alikuwa Nereida peke yake.

Nereida alikuwa anajua kuendesha. Baba yake alimfundisha kwenye pikapu kuukuu, katika vile vijia vya mashamba ya michungwa ambako polisi hawana shughuli. Leseni hakuwa nayo. Elvira alimpa funguo mezani, kama mtu anavyopitisha chumvi.

"Biolojia itakuwepo mwakani," alimwambia. "Bibi sijui." Kisha akaenda mwenyewe kwa Bi Saldívar kuomba mtoto atolewe, na Bi Saldívar akabonyeza, na akasema ameshamtoa. Miezi minne baadaye gari la kliniki likapata nafasi.

Sasa walikuwa kwenye gari, nje ya chuo, kiyoyozi kikipuliza hewa ya moto.

"Hatuwezi kuandika kwamba uliendesha wewe," Elvira akasema.

"Kwa nini?"

"Hukuwa na leseni. Na funguo nilikupa mimi. Ninafanya kazi shuleni, Nereida. Kila mwaka wanatukalisha wanatusomea habari za usalama wa watoto, tunatia sahihi."

"Miaka miwili na nusu imepita, mama."

"Ukishaandika ni kama jana."

"Niseme nini sasa?"

"Sema Shangazi Queta ndiye aliyekuwa anaendesha."

"Shangazi Queta anaishi Houston."

"Wao wanajua anaishi wapi?"

Nereida alifunga mkanda. Alikuwa msichana mtulivu kwa asili, na alipokasirika alizidi kutulia, kiasi kwamba watu walidhani amekubali. "Haya," akasema.

*

Bi Saldívar aliwapokea mlangoni mwa ofisi yake, akabaki amesimama hapo, nao wakabaki ukumbini. Alikuwa na wanafunzi mia nne wa kuwashauri, na Mei ilipokaribia wote walikuwa na dharura.

"Mimi nilimtoa," akasema. "Kwenye mfumo wetu. Ninakumbuka."

"Ulisema umemtoa," Elvira akasema. "Hukusema kwenye mfumo gani."

"Bi Cantú, wazazi wote walielezwa kwenye mkutano wa Agosti."

Elvira aliukumbuka mkutano wa Agosti. Kulikuwa na piza. Bwana mmoja mwenye tai aliwaambia kwamba mtoto atamaliza chuo cha miaka miwili kabla hajamaliza sekondari, bila kulipa hata senti, na wazazi wakapiga makofi, na Rogelio akamnong'oneza mkewe kwamba kitu cha bure kikisifiwa hivyo lazima kuna mahali kinalipiwa. Elvira akamkanyaga mguu anyamaze.

"Utaandika barua?" Elvira akauliza.

"Nitaandika kwamba nilimhamisha darasa kwa ombi la mzazi."

"Na kwamba tuliamini imekwisha."

"Mliamini nini mimi siwezi kuandika. Sikuwa ndani ya vichwa vyenu." Alisema bila ubaya. Simu yake ikaita, akainua kidole kuwaomba dakika moja, akaingia ndani, akafunga mlango. Walingoja mpaka kengele ikalia. Kisha Nereida akasema anachelewa Hesabu.

*

Jioni Rogelio alikuwa akifunga bango kwenye uzio wa mbele. Mtaa mzima ulikuwa na mabango kama hayo, kila nyumba yenye mhitimu: picha kubwa ya mtoto, jina, shule, mwaka. La Nereida alikuwa ameliagiza Bibi Chelo kwa pesa zake mwenyewe, na hakuomba ushauri wa mtu. Kwenye picha Nereida alikuwa ametabasamu, amevaa joho na kofia. Chini ya picha: Nereida Cantú, Chuo na Sekondari kwa Mpigo. Na chini kabisa, kwa herufi za waridi: Muuguzi Wetu.

"Umeliweka upande," Bibi Chelo alimwambia mwanawe kutoka kwenye kiti chake barazani.

"Uzio ndio uko upande, mama."

"Uzio ulijenga wewe."

Elvira alishuka kwenye gari. Akalisoma bango lote mpaka herufi za waridi.

"Lisifungwe kwanza," akasema.

"Limeshafungwa," Rogelio akasema. "Na limeshalipiwa. Kuna nini?"

Waliongea wakati wa kula. Kulikuwa na maharage, maboga ya kukaanga na kuku, na tortila, zile chapati nyembamba, zilizofungwa kwenye kitambaa. Elvira alieleza kwa kifupi, akila, kama anayesimulia ya mtu mwingine. Rogelio aliuliza kama hakuna wa kumlipa wafute. Elvira akasema hakuna. Akauliza kama yeye anaweza kwenda kuongea nao. Elvira akasema hata yeye mwenyewe haruhusiwi, anaruhusiwa mtoto peke yake.

"Mtoto ambaye hata bia hauziwi," Rogelio akasema.

"Ndiye huyo."

Bibi Chelo alikuwa akipasua tortila vipande vidogo vidogo bila kula. "Kwa hiyo ni figo zangu," akasema.

"Sio figo zako, mama. Ni kompyuta."

"Kompyuta haikuugua." Alimgeukia mjukuu wake. "Mimi nitakwenda. Nitawaonyesha mkono." Mkono wake wa kushoto ulikuwa na uvimbe pale mashine inapochomekwa, mnene kama kamba chini ya ngozi. "Niwaambie huyu mtoto aliendesha vizuri kuliko baba yake."

"Hilo ndilo usiloweza kusema," Elvira akasema.

"Kwa nini nisiseme? Ni kweli."

"Kwa sababu ni kweli."

Rogelio alisukuma sahani. "Tuseme aliendesha nani, basi?"

"Queta."

"Queta?" Akacheka, kisha akaona hakuna aliyecheka. "Dada yangu hawezi hata kurudi nyuma kwa gari. Alibomoa sanduku la barua la padri."

"Kamati haimjui padri."

Nereida aliinuka akaanza kukusanya vyombo. Bibi Chelo alimshika mkono alipopita, akamwachia, akaomba chumvi aliyokatazwa na daktari. Hakupewa.

*

Kamati ilikuwa watu watatu kwenye chumba kisicho na dirisha. Mwenyekiti alikuwa profesa wa historia, mzee mpole mwenye mvi. Kushoto kwake alikaa mama wa ofisi ya fedha, kulia kijana wa ofisi ya wanafunzi. Elvira alimsindikiza bintiye hadi mlangoni, naye kijana akamwambia kwa heshima kwamba kuna viti ukumbini.

Barua ya kliniki walikuwa nayo mbele yao. Ilisema mgonjwa Consuelo Cantú, ndiye Bibi Chelo, alianza matibabu Septemba na alikuwa akiletwa na jamaa wa familia. Barua ya Bi Saldívar ilisema mwanafunzi alihamishwa darasa kwa ombi la mzazi.

"Pole kwa bibi," mwenyekiti akasema. "Anaendeleaje?"

"Hajambo, bwana. Bado anakwenda."

"Tueleze. Muhula ule ulikuwaje?"

Nereida akaeleza. Alieleza vizuri, bila kulia. Bibi aliugua, asubuhi zikawa za kliniki, saa za kliniki zikaingia kwenye saa za darasa. Aliamini ametolewa. Mwenyekiti alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, na mama wa fedha aliandika jambo lililoonekana kuwa zuri.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unampeleka," mama wa fedha akasema.

Nereida akajibu: "Nilikuwa nakwenda naye."

"Nani alikuwa anaendesha? Wewe ulikuwa na miaka," akatazama karatasi, "kumi na mitano."

Ukumbini Elvira alikuwa amekaa na mkoba mapajani. Sauti zilimfikia bila maneno. Kwenye ukuta wa mbele palikuwa na picha ya vijana watatu wakicheka juu ya kitabu kimoja, na maandishi yakisema Anza Mapema.

"Shangazi yangu," Nereida akasema.

"Shangazi yako alikuwa na gari, na nafasi, asubuhi hizo zote?"

"Ndiyo."

Mama wa fedha akaweka kalamu chini. Hakuwa anamtega, alitaka kuelewa. "Sasa hapo nisaidie, binti. Kama shangazi alikuwepo na anaendesha, wewe ulihitajika kwa nini?"

Kijana aliinua macho. Mwenyekiti akaacha kuitikia. Nereida aliutazama mlango, ambao nyuma yake alikuwa mama yake, na funguo, na kazi ya jikoni, na sahihi za kila mwaka.

"Nilikuwa namshika mkono," akasema. "Bibi. Alikuwa anaogopa sindano."

Hilo pia lilikuwa kweli. Mama wa fedha akaliandika, lakini safari hii kwa maneno machache.

Alipotoka, Elvira alisimama. "Wameuliza nini?"

"Wameuliza nani aliendesha."

"Ukasema?"

"Shangazi Queta."

"Vizuri."

"Wakauliza kama ni hivyo mimi nilikwenda kufanya nini."

Hilo hawakulipanga. Ni kitu ambacho mtu yeyote angekiona, mtoto wa darasa la tano angekiona, na Elvira hakukiona; aliwaza leseni tu siku zote hizo.

Mlango ukafunguka. Mwenyekiti alitoka na chupa tupu, akitafuta maji. Akamwona Elvira, akasimama.

"Wewe ndiye mama? Binti yako ni mtu mzuri."

"Asante."

"Una swali lolote?"

Alisubiri kwa kweli. Ukumbi ulikuwa mtupu, na mlango nyuma yake ulikuwa wazi, wale wawili wakionekana wamekaa. Maneno yalikuwa machache, angeweza kuyasema kwa pumzi moja: aliendesha yeye, funguo nilimpa mimi. Elvira aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Aliwaza kadi yake ya kuingilia jikoni, bima ya afya ya nyumba nzima iliyotokana na kadi hiyo, na dawa za Bibi Chelo zilizotokana na bima.

"Hapana," akasema. "Asanteni kwa muda wenu."

"Karibu sana," mwenyekiti akasema, akaenda kwenye bomba.

Nereida alikuwa amesikia. Alitangulia kutoka nje, akamshikia mama yake mlango, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

*

Jibu lilikuja kwenye barua pepe ya chuo. Nereida alikuwa akiifungua kila siku sasa, asubuhi na jioni. Mpendwa Nereida. Kamati imesikitika. Kamati haikuona kwamba hali ilimlazimu mwanafunzi yeye mwenyewe kukosa masomo. Ukiwa na swali lolote, karibu ofisini.

Aliisoma kwa sauti, jikoni. Elvira alikuwa anakanda unga wa tortila na aliendelea kukanda. Rogelio akasema neno moja baya. Bibi Chelo alikuwa amelala, au alikuwa amefumba macho.

Wiki hiyo hiyo watu wa San Antonio waliandika. Kiti cha uuguzi kimekwenda. Wangeweza kumpokea mwaka wa kwanza wa masomo ya jumla, bila ile ruzuku. Kiasi cha kulipa kiliwekwa chini ya barua. Rogelio alikisoma, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza ulioyumba.

Mahafali ya chuo yalifanyika Ijumaa, kwenye uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu. Watoto wa sekondari waliomaliza chuo walikuwa wengi kuliko watu wazima, na walipoitwa walisimama safu kwa safu, wengine bado na vyuma vya kunyoosha meno. Jina la Nereida lilitamkwa vizuri. Bibi Chelo alipiga makofi kwa mkono wake mmoja mzima akigonga paja. Elvira alipiga picha, akaikagua, akapiga nyingine kwa sababu Nereida alikuwa amefumba macho.

Jumapili watu walikuja nyumbani, kwa kuwa walikuwa wameshaalikwa na nyama ilikuwa imeshaagizwa. Walikula nyama ya kichwa cha ng'ombe iliyopikwa shimoni, vitunguu, majani ya giligilani, soda. Rogelio alikuwa ameukunja mstari wa mwisho wa bango na kuubana kwa vifungo vya plastiki. Upepo wa Bonde haujawahi kuheshimu kazi ya Rogelio. Adhuhuri herufi za waridi zilikuwa zimefunguka zote.

"Likunje tena," Elvira akamwambia.

"Acha," Bibi Chelo akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nani anasoma mpaka chini."

Shangazi Queta, aliyefika na basi kutoka Houston, alisoma mpaka chini. "Muuguzi," akasema. "Unaanza lini, mrembo?"

"Bado," Nereida akasema.

"Uje unichome sindano mimi. Mimi siogopi."

Nereida aliingia ndani. Jikoni hapakuwa na mtu. Alisogeza sahani za karatasi, akafungua kompyuta yake, akaingia kwenye akaunti ya chuo kikuu cha San Antonio. Walikuwa wameshamsajili kwenye masomo matano ya muhula wa kwanza bila kumuuliza. Biolojia ilikuwa saa mbili asubuhi. Akatafuta pale wanapoficha vitu kama hivyo, akapata. Jitoa. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena. Akabonyeza tena.

"Mama," akaita. "Njoo."

Elvira aliingia akifuta mikono kwenye aproni. Nje mtu alikuwa ameongeza sauti ya muziki. Aliinama juu ya bega la bintiye, akasoma polepole, midomo ikicheza. Mpendwa Nereida, umejitoa kikamilifu. Hutadaiwa. Hakuna somo litakaloandikwa kwenye kumbukumbu zako.

"Kumbe ni dakika mbili," Nereida akasema.

Elvira alisoma mara ya pili. "Ichape kwenye karatasi," akasema.

"Printa haina wino."

"Basi ipige picha. Na tarehe ionekane."

Nereida akatoa simu, akapiga picha. Akaikagua, akapiga nyingine. Elvira alichukua tortila zilizokuwa zimepoa, akawasha jiko, akaanza kuzipasha moto moja moja, kwa sababu wageni walikuwa wanaziulizia.